Kirandu na Mlima wa Tano

Nyamazeni sasa. Mwenye kikohozi akohoe amalize, maana habari hii haikatizwi.

Zamani zile, kabla babu wa babu zetu hawajaiona bahari, jua la kusini lilipokuwa likizunguka miezi bila kutua kisha likizama miezi bila kuchomoza, sisi Wahirame tuliishi juu ya ziwa la barafu, na aliyetuongoza alikuwa Kirandu mwana wa Shemboko, mjukuu wa Mazongera aliyetoboa barafu akavua samaki wa kwanza. Kirandu Mgongo wa Jabali, abebaye wazee wawili kwa mpigo na pumzi isimpande. Kirandu ambaye sauti yake ilisikika mwendo wa nusu siku.

Mwaka huo barafu ilianza kupasuka chini ya mahema yetu. Palikuwa na njia moja tu ya kuokoka, nayo ni kuivuka milima mitano isiyokuwa na majina na kufika pwani kabla jua halijazama kwa majira ya giza. Basi Kirandu akatangulia peke yake kuipa milima ile majina.

Mnajua desturi yetu, lakini nitaisema, kwa sababu wengine hapa mna masikio ya mapambo. Mlima hupewa jina na yule aliyeuzunguka wote kwa miguu yake, na jina lenyewe humwambia mpitaji la kufanya, kwani ukungu wa kule hukuficha hata mkono wako. Watu hushika kamba moja ya ngozi, wa mbele hutaja jina kwa sauti ya chini, na wa nyuma yake hulirudia, kinywa hadi kinywa mpaka wa mwisho. Sauti nyingine hazifuatwi, maana barafu hulia kama watu. Hufuatwa ile tu inayoanza kwa maneno "Mlima huu ni".

Kirandu akauzunguka wa kwanza akauita Pita Kushoto, wa pili Lala Hapa, wa tatu Funga Kamba. Wa nne akauita Usipige Kelele, kwa sababu theluji ya kilele chake ilikuwa imening'inia juu ya njia na ukelele mmoja ungeishusha yote. Kufika wa tano, macho yalikuwa yamemvimba kwa mng'ao wa theluji na chakula kimekwisha. Akaona kwa mbali weupe kati ya majabali mawili, akajiambia kwamba ile ni njia. Hakuuzunguka. Akageuza.

Watu wakampokea kwa vigelegele. Dada yake Nambuya, ambaye ndiye angeshika kamba mbele, akamuuliza habari ya mlima wa tano.

"Unaitwa Mlango," akasema Kirandu.

"Umeuzunguka, kaka?"

"Nimeuzunguka."

Mimi simtetei. Alikuwa amechoka, na alikuwa na sifa nyingi za kulinda. Alikusudia kutangulia tena akautazame vizuri kabla watu hawajafika, na kusudi hilo likamtuliza akalala.

Lakini siku ya kuhama barafu ilipasuka nyuma ya msafara, wazee wawili wakabaki ng'ambo ya ufa, na hakukuwa na mwingine wa kuwabeba. Kirandu akamwagiza Nambuya amngojee Lala Hapa, akarudi. Akawatoa wazee, akatembea nao begani bila kupumzika, na alipofika Lala Hapa akakuta majivu yaliyopoa. Jua lilikuwa limeshagusa ukingo wa dunia, na Nambuya aliona hakuna muda wa kungoja.

Akayachokoa majivu kwa mguu, akitafuta kaa la moto. Bibi Sarume, mmoja wa wale wazee, akamfariji kutoka begani: "Usihangaike, mwanangu. Wana majina yako."

Kirandu akawaweka wazee pangoni, akakimbia. Akapita Funga Kamba bila kamba. Akaingia chini ya Usipige Kelele akiwa ameuma kofia yake ili pumzi isitoke kwa kishindo, na hofu aliyokuwa nayo hakuwahi kuijua tangu azaliwe. Karibu na mwisho wa bonde, ukungu ukapasuka kidogo. Akawaona watu wake wote themanini, wenye watoto mgongoni, wakielekea ule weupe kati ya majabali. Sasa aliuona kwa karibu kuliko alivyouona mwanzo. Ulikuwa mbingu. Chini yake hapakuwa na ardhi.

Kuwafikia asingeweza. Kuwaita kwa majina yao kusingefaa, wangedhani ni barafu. Na angenyamaza, nani angejua? Theluji ilikuwa juu ya kichwa chake. Kirandu akaitoa kofia mdomoni, akavuta pumzi yote iliyokuwa kifuani mwake.

"Mlima huu ni Nilidanganya!"

Nambuya akalisikia jina, na kinywa chake kikafanya kama kilivyozoea kabla ya akili: akalirudia. Wa nyuma yake akalirudia, na wa nyuma yake, mpaka wa mwisho. Ndipo Nambuya alipoelewa, akaurudisha mguu aliokuwa ameuinua. Papo hapo mlima wa nne ukashuka wote bondeni.

Ukungu ulipoondoka, genge lilikuwa hatua mbili mbele yake. Nambuya akalia hadharani, na watu wakachimba theluji kwa mikono hadi jua likabaki nusu. Hawakupata hata kiatu. Basi Nambuya akawatuma vijana kuwatafuta wale wazee wawili nyuma, yeye akauzunguka mlima wa tano kwa miguu yake, akaipata njia upande wa kulia, nyembamba na mbaya, akatufikisha baharini siku ya mwisho wa nuru.

Baadaye wakubwa walitaka mlima ule uitwe kwa sifa, uitwe Kirandu Mwokozi. Nambuya akakataa.

"Jina alilitoa mwenyewe," akasema. "Na safari hii alikuwa ameshauona."

Kwa hiyo mpaka leo, msafara ukifika pale, kila mshika kamba, awe mtawala au mtoto anayeanza kusema, analitamka kwa kinywa chake mwenyewe: Nilidanganya. Kisha tunageukia kulia, tunapita.