Mshahara wa Kwanza wa Mwana wa Kimburu

Kwaruu!

Mmeusikia?

— Tumeusikia!

Niufuate gizani?

— Ufuate, nasi tuko nyuma yako!

Ukucha ulikuwa unakwaruza mlango wa Kimburu, yule paka wa mwituni mwenye mwili mdogo na akili nyingi. Kimburu hakushtuka. Kila mwezi ulipoandama, ukucha ule ulikwaruza, kwaruu, kisha paja la nyama likadondoka, puu, kisha kimya. Ndivyo baraza la wanyama lilivyoamua: baba asiyetaka kumtaja mwanawe ataleta paja moja kila mwezi, mpaka mtoto apate chake. Akimtaja mbele ya mashahidi, atamlisha mpaka awe fundi kamili.

Chui, babake mtoto, alichagua kutomtaja. Miaka kumi na minne msitu mzima ulimwita Kimburu kwa jina la mwanawe, Mama Fulani, na jina lenyewe mtalisikia. Chui peke yake alimwita Mama Nanihii.

Usiku huu, kwaruu. Kimburu akasubiri. Puu haikuja.

"Mama Nanihii," Chui akasema huko nje. "Nasikia huyo wako anachimba mashimo kwa Mhanga, yule fundi wa kuchimba. Analipwa."

"Mayai mawili ya kanga kwa mwezi, baba. Ndiyo kwanza anajifunza."

"Mawili si chake? Basi mimi nimemaliza."

Kimburu akawaza njaa ya mashimoni. Mwanafunzi wa Mhanga wa mwaka jana alichimba na njaa, akazimia shimoni, udongo ukamfunika, fuu! Hajafukuliwa mpaka leo. Wapo wanaosema bado wanamsikia akichimba.

Akasema, "Haya, umemaliza. Acha basi nikachukue ule mshahara wa kwanza."

"Wa kwanza una nini?"

"Jamani, mila umezisahau? Mshahara wa kwanza ni wa mzazi. Mhanga ameweka mbuzi mzima shimoni kwake. Mnono huyo!"

Mate ya Chui yakadondoka, to, to, to.

"Unachukuliwaje?"

"Mzazi anainama kwenye mdomo wa shimo, anamtaja mwanawe kwa jina. Usiku, peke yake. Lakini wewe si umemaliza? Kalale, baba."

Chui alikuwa ameshaondoka.

Kimburu akapita njia za chini kwa chini, akigonga mlango baada ya mlango, ko, ko, ko. "Amkeni, wazee wa baraza! Twendeni kwa Mhanga, na msikohoe!"

Chui alipofika, shimo lilikuwa jeusi kuliko usiku. Kutoka chini, Kimburu alikiona kichwa chake kikifunika nyota. Kando ya Kimburu, humo shimoni, walijibanza wazee wa baraza: Mhanga, Kobe na Nungunungu.

Chui akanong'ona, "Wewe kijana."

Shimo likapumua: huuu.

"Mwana wa Kimburu."

Shimo likapumua: huuu. Nungunungu akajiziba mdomo asicheke.

Ndipo ikasikika chini yao: kwe, kwe, kwe. Kimburu akamtazama Mhanga. Mhanga ametulia. Kobe ametulia. Nungunungu hacheki tena. Mwanawe yuko nyumbani, amelala. Nani anachimba?

Kwe, kwe, kwe. Sauti inapanda.

Kimburu alitaka kukimbia, akabaki. Huko juu Chui alitaka kukimbia, akamkumbuka mbuzi, akabaki. Akafungua mdomo.

Hapo hapo, wasikilizaji wangu, niwape funzo kabla sijasahau. Msiseme uongo kamwe, hata kwa ajili ya mtoto, maana uongo haujawahi kumlisha mtu. Mmeshika?

— Tumeshika! Alisema nini?

Na wazazi waachwe walale kwa amani. Mmeshika?

— Tumeshika! Alisema nini?

Basi ngano yangu naiweka chini, aitakaye aiokote. Chui alifumba macho, meno yakigongana, akasema kwa sauti iliyofika kwa mashahidi wote waliokuwa shimoni:

"Madoa. Mwanangu Madoa."