Majogoo Hamsini wa Shamte Kipara

Hapo zamani, enzi ambazo hata msimulizi wa hekaya hii alikuwa na nywele za kuchana, palikuwa na mji wa mwambao ukiitwa Tungule, na mtawala wake akiitwa Sultani Badawi. Alikuwa mtu mwema, mwepesi wa kusikiliza mashauri, ila alikuwa na siri moja, na siri hiyo aliivika kilemba cha dhiraa kumi na mbili. Basi siku ya Idi, alipokuwa akishuka farasi mbele ya watu wake, kilemba kikamponyoka kikabingirika mchangani. Ikawa mji mzima umekiona kipara cha Sultani, na mji mzima ukainamisha macho, ukajifanya unatafuta tasbihi iliyoanguka.

Aibu hiyo ilimjia wakati mbaya. Mkewe wa kwanza alikuwa amefariki bila kumwachia mtoto, na baada ya miezi mitatu alikuwa amuoe binti wa liwali wa kisiwa cha jirani, ambaye alisifika kwa uzuri na, kwa mujibu wa wajumbe, kwa kucheka ovyo. Sultani akawa halali wala hali. Kila akijiangalia kwenye kioo alimsikia bibi harusi akicheka.

Basi akaletwa Tabibu Ghalibu, mgeni aliyejifunza Kiswahili vitabuni na ambaye kamwe hakulitaja jambo la chumbani pasipo kulifunika shuka. Akatoa chupa ya kijani, akasema: "Maulana, dawa hii huzuia nywele kuanguka, na kwa wengi huotesha mpya. Hunywewa kila siku, na mwenye kuiacha hurudi alikotoka. Wengi hawadhuriki nayo. Ila wako ambao kifua huwauma, na wako ambao roho huwaingia huzuni isiyo na sababu. Na katika wanaume hamsini, hutokea mmoja ambaye jogoo wake hugoma. Akiacha dawa, mara nyingi jogoo hurejea. Nimesema mara nyingi, sikusema kila mara."

Sultani, aliyelelewa ndani ya kasri kati ya masheikh na shangazi, akajibu kwamba majogoo wa jikoni wakigoma kuwika si neno, kwani yeye huamshwa na adhana. Tabibu akatazama kanzu yake. Waziri Hemedi, mzee wa miaka themanini kasoro, akakohoa kikohozi kirefu, kwa kuwa nani atamfafanulia Sultani habari za jogoo mbele ya watu? Akaona bora aseme jambo la heshima lisilo na maana, akasema kwamba dawa yoyote yataka kupimwa, faida yake na madhara yake.

"Umesema kweli," akasema Sultani. "Basi ipimwe. Leteni mizani."

Wakatazamana. Mizani ikaletwa, chupa ikawekwa upande mmoja, na upande wa pili hapana aliyejua kuweka nini. Waziri alipoona macho yote yamemgeukia, akakumbuka mtu wa kumtupia mzigo. "Maulana," akasema, "yuko mjini msusi mmoja, jina lake Shamte. Hapana fumbo lililowahi kumshinda." Sultani aliposikia msusi akafurahi, akidhani ni fundi wa kusuka nywele, mjuzi wa vichwa. Kumbe Shamte alisuka matenga ya kubebea kuku, akaingia barazani na tenga begani na kichwa kinachong'aa kama sinia la kahawa.

Huyo Shamte, ndugu yangu, alikuwa maskini ambaye panya wa nyumbani kwake walikwenda kula kwa jirani. Nywele zake zilimtoka alipofika miaka thelathini, nazo zilipotoka hakuziacha ziende kwa amani. Alijipaka mafuta ya nyonyo, akajipaka kitunguu, akajipaka majivu ya pembe ya mbuzi, hata siku moja akajipaka asali akalala barazani, akaamka na siafu. Yote hayo aliyasimulia mwenyewe, huku akicheka, maana alisema mtu akichelewa kujicheka, wenzake humtangulia.

Sultani akamtazama kichwani, akasononeka. "Watu husema akili ni nywele, kila mtu ana zake," akamwambia. "Wewe huna hata unywele mmoja. Hata hivyo nakupa siku saba. Unipimie madhara ya dawa hii hapa mbele yangu, nione upande upi mzito. Ukishindwa, utainywa wewe mwaka mzima, kipara ni kipara, nasi tutatazama kichwa chako na jogoo wako."

Watu wakaficha vinywa kwa mikono ya kanzu. Shamte hakucheka. Yeye na mkewe, Bi Mgeni, walikuwa na miaka minane ya ndoa na hawajapata mtoto, na kila mwezi walitumaini upya. Akarudi nyumbani miguu mizito, akamweleza mkewe yote. Kisha, kwa kuwa hakujua kumficha kitu, akakiri la aibu zaidi: kwamba alipoiona ile chupa, kabla hajaogopa, alitamani. Kwa muda wa kukohoa mara moja alijiona na nywele, akipita sokoni polepole ili watu wamwone.

Bi Mgeni alikuwa akichagua mchele, wala hakuinua uso. "Nywele zako nilizifagia mimi mwenyewe kitandani, asubuhi baada ya asubuhi," akasema. "Sikujiona mjane. Lakini usiniulize mimi, mume wangu. Kichwa chako, na jogoo unamjua."

Shamte akamwomba mkewe amwazime mtungi wa maji.

Siku sita akazunguka mji akiazima majogoo, kila mmoja akimfunga uzi wa rangi mguuni ili arudi kwa mwenyewe, na kila mmoja akimtia kwenye tenga lenye mfuniko, yote ya kipimo kimoja na msuko mmoja. Watu walipomuuliza ni karamu ya nani, alisema ni karamu ya kichwa chake. Siku ya saba akaingia kasrini na majogoo hamsini kwenye mikokoteni, na mtungi wa mkewe kichwani, ambao ulimteleza mara mbili njiani kwa kukosa nywele za kuushika.

"Mizani yako iko wapi?" akauliza Sultani.

Shamte akajibu kwamba mizani haiko mbali, ila kwanza Maulana amtazame jogoo. Akauweka mtungi katikati ya baraza, akatia punje za mtama juu ya kifuniko chake. Akafungua tenga la kwanza. Jogoo akatoka akijitanua, akauona mtama, akaruka, akapanda mtungi, akawika hata mapazia yakatikisika. Shamte akamrudisha. Akafungua tenga la pili, akatoka jogoo mzuri wa manyoya, mwekundu wa upanga wa kichwani, aliyekuwa amepata ugonjwa usiojulikana. Jogoo yule akautazama mtungi. Akauzunguka mara moja. Kisha akakaa chini kando yake, akafumba macho.

Na msemo wa jogoo asiyepanda mtungi, hata watoto wa wafalme huusikia siku moja kwa mabawabu. Watu wakaona wekundu ukianzia kidevuni mwa Sultani, ukapanda, ukafika hadi juu kabisa, na kwa kuwa kilemba kilikuwa kimelegea, ukaonekana hata huko.

"Shamte," akasema kwa sauti ndogo, "ndiye jogoo huyo?"

"Ndiye huyo, Maulana."

Sultani akamgeukia Tabibu, na Tabibu akainamisha kichwa kukubali. Basi Shamte akamtia yule jogoo mgonjwa ndani ya tenga lake, akageukia ukuta, na Sultani na baraza zima wakafanya vivyo hivyo, kisha akawaomba askari watatu wayachanganye matenga yote hamsini, askari mmoja baada ya mwingine, kila mmoja wenzake wakiwa wametoka nje. Walipomaliza, matenga yakawa yamepangwa barazani, na majogoo kwa giza la ndani ya matenga wamenyamaza kimya.

"Sasa, Maulana," akasema, "shika chupa kwa mkono wa kushoto. Ndani yake mna nywele, na Tabibu hasemi uongo. Kwa mkono wa kulia fungua tenga moja, utakalo. Jogoo atakayetoka ndiye wako, wa harusini na wa siku zote. Arobaini na tisa ni wazima."

Sultani akashika chupa. Akanyoosha mkono wa kulia juu ya tenga lililo karibu, akausogeza kwenye la pili, akaurudisha. Akasema kwamba arobaini na tisa ni wengi, na mmoja ni mmoja tu. Shamte akasema ndivyo. Sultani akasema kwamba hata akimpata yule mmoja, huenda akapona. Shamte akasema huenda. Mkono ukabaki hewani, na wote waliokuwa barazani wakajua kwamba alikuwa akimfikiria bibi harusi, na mtoto ambaye hajazaliwa. Mwisho akaurudisha mkono kifuani, akauficha ndani ya joho.

"Umekwisha pima," akasema Shamte. "Mizani ni mikono yako miwili, Maulana. Hakuna mwingine ambaye angeweza kukupimia."

Sultani akashusha pumzi. Akauliza, "Haya, niambie basi. Lile nililotaka kulifungua, lina jogoo yupi?"

"Sijui."

"Hujui? Wewe ndiye uliyewaleta."

"Sijui mimi, hawajui askari, na Tabibu hajui," akajibu Shamte. "Tungejua, Maulana, pasingekuwa na haja ya kupima."

Hapo Sultani akacheka, akacheka mpaka kilemba kikaanguka kwa mara ya pili, na safari hii hakukiokota. Na kabla kicheko hakijaisha ukaonekana mkono mkavu ukijipenyeza kuelekea ile chupa. Ulikuwa mkono wa Waziri Hemedi, naye chini ya kilemba chake hamkuwa na kitu tangu enzi za babu yake Sultani.

"Kama Maulana haitaki," akasema Waziri, "nipeni mimi. Jogoo wangu nilimchinja zamani, sina nitakachopoteza."

Tabibu akasema kwamba kwa mizani ya Waziri hilo lilikuwa neno la busara, ila achunge kifua chake na furaha yake, na akiona mabadiliko aseme mapema. Waziri akaondoka na chupa ameikumbatia.

Sultani akamvika Shamte joho lake mwenyewe, akamwambia, "Nilikutukana. Nilisema akili ni nywele."

"Hukunitukana, Maulana," akasema Shamte. "Zangu zimeota kwa ndani. Huko hazihitaji mafuta, wala siafu hawafiki."

Akaulizwa kama naye atapenda chupa, kwani Tabibu alikuwa nazo nyingi. Na hapa msimulizi hatamsifu kupita kiasi, kwa sababu Shamte alisimama kitambo akiutazama mkono wake wa kushoto, kisha wa kulia. Halafu akaomba arudishiwe mtungi tu, kwa kuwa ulikuwa wa mkewe, na nyumbani hapakuwa na mwingine.

Harusi ikafanyika. Bibi harusi alipokiona kipara alicheka kweli, kama wajumbe walivyosema, akakipigapiga kwa viganja kama dufu, na Sultani akagundua kwamba jambo lile alikuwa amelikosa maisha yake yote. Waziri Hemedi akaota nywele chache nyuma ya sikio la kushoto, akawa anaingia barazani ubavu ubavu ili zionekane.

Na mwaka haujaisha, Bi Mgeni akajifungua mtoto. Majirani wakajaa, mkunga akamfunua, na wote wakainama kutazama. Kichwa kilikuwa kitupu, laini, kinang'aa kwa mafuta. Shamte akakitazama, machozi yakamtoka wala hakuyafuta, akasema, "Huyu ni wangu. Hapa sihitaji mizani."

Nami hekaya nimeifikisha ukingoni. Mwenye nywele na akachane, asiye nazo tukutane kivulini.