Panya wa Bi Kiboga

Bwana Mauli alikuwa na nyumba sita, tumbo la watu wawili, na hadithi moja ya jinsi alivyoua chui kwa bakora. Ngozi ya chui huyo hakuna aliyewahi kuiona. Alasiri moja aliingia chumbani kwa Bi Kiboga, mpangaji wake, akajibwaga kitandani bila kukaribishwa.

"Chumba nakitaka niweke nazi zangu," alisema. "Utoke leo."

Bi Kiboga alikuwa chini anasuka mkeka, ukili ameunasa kwenye kidole gumba cha mguu kama wafanyavyo wasusi wote. Hakuinua hata uso.

"Nitatoka, bwana. Ila panya wa uvunguni sijui watakwenda wapi."

"Panya?"

Uvunguni pakachakarika. Bwana Mauli akapandisha miguu kitandani.

"Mimi wamenizoea," alisema Bi Kiboga. "Nikihama watafuata nyumba yenye chakula, na hapa mtaani ni yako tu. Lakini muuaji wa chui atababaishwa na panya?"

Pakachakarika tena, kwa nguvu zaidi. Bwana Mauli alisimama juu ya kitanda, kanzu ameikunja mpaka magotini.

"Kaa humu!" alipiga kelele mpaka majirani wakasikia. "Kaa mpaka nife, sikutoi!"

Akaruka hadi mlangoni, akatoka mbio peku.

"Makubazi yako, bwana," Bi Kiboga alimwita.

"Yatupe," sauti ilijibu kutoka mbali.

Bi Kiboga alivuta mguu wake taratibu. Ncha ya pili ya ukili ikatoka uvunguni ikikokota jani kavu la mgomba. Akalifungua, akalitupa pamoja na makubazi, akaendelea kusuka.