Mawe ya Kanisa la Ivuga

"Usiyemwita kupanga, usimwite kubeba." Jana mlimsikia mwinjilisti akiitamka methali hii kwenye mkutano wa usharika, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imo katika kitabu gani cha Biblia. Haimo, wajukuu zangu. Imetoka hapa hapa Ivuga. Siku ilipotamkwa mara ya kwanza nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwa aliyeitamka, na aibu moyoni. Ilizaliwa namna hii.

Kanisa letu la zamani lilikuwa la fito na udongo, kazi ya babu zetu. Mwaka mmoja masika yalinyesha bila kupumua, na ukuta wa upande wa kwaya ukapasuka kutoka chini hadi dirishani. Tukauegemeza kwa magogo, tukaendelea kuimba. Mkuu wa jimbo alipokuja kututembelea aliutazama ule ufa, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa akijipangusa vumbi.

"Nawapa mpaka Krismasi," alisema. "Nikikuta kanisa jipya limeinuka, nitashukuru Mungu pamoja nanyi. Nisipolikuta, hili nitalifunga kabla halijaua mtu, nanyi mtasali na wenzenu wa bondeni."

Wenzetu wa bondeni walikuwa mwendo wa saa mbili kwa kushuka na saa tatu kwa kupanda. Kijana angeweza. Lakini mama yangu, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumvimba, alinitazama ibadani siku ile. Nilielewa. Kwake na kwa wazee wenzake, kufungwa kwa kanisa lile kulikuwa ndio mwisho wa kwenda kanisani.

Baraza la wazee lilikuwa na watu tisa. Mwenyekiti alikuwa Mchungaji Mrutu, kijana bado, hajamaliza hata mwaka kwetu. Makamu wake alikuwa Mzee Mgonja. Mimi Nakunda nilikuwa katibu, na katika wale tisa mwanamke nilikuwa mimi peke yangu. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Mzee Mgonja alikuwa amefanya kazi relini maisha yake yote, akichora ramani, na alipostaafu alirudi nyumbani na rula zake na penseli zake. Msimdhanie vibaya. Hakuwa mtu wa makuu. Alikuwa mtu wa kufanya jambo mpaka likamilike. Baraza lilipomkabidhi mpango wa ujenzi, alijifungia nao miezi minne. Mkewe alituambia kwamba hata chakula alikuwa akila pembeni mwa karatasi.

Siku alipoutandaza mezani, ilibidi tuondoe vikombe vya chai vyote. Msingi ulikuwepo, milango ilikuwepo, na chini yake yalipangwa majuma yote mpaka Krismasi, kila juma na kisanduku chake, kila kisanduku na kazi yake. Kimojawapo kilisema: "Akina mama. Mawe kutoka mtoni. Jumanne na Ijumaa."

Nikaandika hivyo hivyo katika kitabu cha mihtasari. Jumanne ni siku ya gulio, wajukuu zangu, na siku zile kama sasa, gulio ndilo lililokuwa likinunua sare za shule. Ijumaa lori lilipanda kuchukua tangawizi. Nilikuwa nalima tangawizi mimi mwenyewe. Na kile kilima cha kutoka mtoni nilikipanda kila siku na ndoo ya maji. Yote hayo niliyajua, na nikaandika.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani karatasi ile ilikuwa nzuri mno. Niliona haya kuigusa. Nikajiambia kwamba mtu aliyekesha na jambo miezi minne hawezi kuwa amesahau siku ya gulio. Mchungaji akauliza kama kuna neno, hatukuwa na neno, tukasema amina.

Jumapili mpango ukasomwa kwenye matangazo, baada ya ndoa na kabla ya sadaka. Watu wakasikiliza. Hakuna aliyenung'unika, nasi tukadhani kimya ni kukubali.

Fundi alipanda kutoka Same siku ya Jumatatu. Jumanne alfajiri Mzee Mgonja alikuwa mtoni na daftari, tayari kuandika majina. Jua likatoka. Wakaja Mchungaji, wazee wanne wa baraza, mimi, na mama yangu, ambaye sikumruhusu ashike hata kokoto. Kule juu barabarani tuliwaona wanawake wakipita mmoja mmoja na mizigo ya tangawizi kichwani, wakielekea gulioni. Walitusalimu vizuri kabisa.

"Wamechelewa tu," alisema Mzee Mgonja. "Watarudi."

Hawakurudi. Ijumaa ikawa vile vile. Jumanne iliyofuata fundi alikaa juu ya ndoo yake iliyopinduliwa, akiutazama mtaro wa msingi ambao vijana walikwisha kuuchimba, na hapakuwa na jiwe la kuweka ndani yake. Mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa mlima Shengena. Mvua ikiukuta mtaro mtupu, ingeujaza tope, na kazi ingeanza upya.

Tukaitwa kwenye kikao cha dharura. Mzee mmoja wa baraza, Mzee Kajiru, alisimama kwa hasira. "Hawa wamelidharau kanisa," alisema. "Napendekeza asiyebeba mawe, mtoto wake asipewe kipaimara. Na akifiwa, asije kutuita. Katibu, andika."

Sikuandika. Sikukataa kwa maneno, ila mkono ulikataa wenyewe. Nikaiweka kalamu juu ya meza, nayo ikabingirika mpaka kwa Mzee Mgonja. Akaishika, akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Nakunda, unajua kitu?"

"Najua, baba," nilisema. "Lakini sitawasemea watu ambao hawajanituma. Twende ukawaulize."

Mzee Kajiru akacheka. "Mzee wa kanisa akawabembeleze wanawake mashambani?"

"Nitakwenda," alisema Mzee Mgonja. "Miezi minne nimetazama karatasi. Siku moja nitazame watu."

Tulikwenda kwa Navoneiwa. Huyu alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mkulima hodari. Hakuwa na cheo chochote kanisani, lakini palipo na msiba au harusi, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Yeye akikaa, wengi walikaa. Tulimkuta kwenye mfereji akiosha tangawizi, sketi ameikunja magotini. Alimwamkia Mzee Mgonja kwa heshima zote, akanikaribisha na mimi, kisha akaendelea kuosha.

"Navoneiwa mwanangu," alianza Mzee Mgonja, "umeliacha kanisa?"

"Sijaliacha, baba. Jumapili nilikuwepo, benchi la pili."

"Mbona basi hukuja kubeba mawe?"

"Mawe ya nani?"

"Ya kanisa letu."

Navoneiwa aliinua kichwa. "Lilipokuwa la kuamua, baba, lilikuwa kanisa lenu. Limekuwa letu lilipofika kwenye kubeba."

Nilimwona Mzee Mgonja akitafuta jibu kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia, wala si ya mtu mwenye hasira. "Nimekaa miezi minne na mpango ule. Macho yameniuma. Nilikuwa nikisema, acha nifikirie mimi kila kitu, ili hawa wasisumbuke."

"Najua, baba. Tunakufahamu. Lakini ungetuuliza usumbufu wetu uko wapi." Akakung'uta tangawizi, akaitia kwenye kikapu. "Jumanne ni gulio. Ijumaa lori linapanda. Hizo ndizo siku mlizotuchagulia. Halafu mawe ya mtoni ni ya mviringo, mwulize fundi wako, atayapasua mpaka achoke. Na mnataka tuyapandishe kilima kizima, wakati mawe mazuri yako juu ya kanisa."

"Juu ya kanisa wapi?"

"Kwenye shamba langu, pale mgongoni mwa kilima. Marehemu mume wangu alijenga nyumba yetu kwa mawe yale. Hayahitaji kupandishwa, yanahitaji kuteremshwa tu."

"Mungu wangu," alisema Mzee Mgonja. "Kwa nini hukusema?"

"Niseme wapi? Mlitusomea matangazo. Tangazo halijibiwi." Kisha akasema lile neno, polepole, bila kuinua sauti: "Baba, usiyemwita kupanga, usimwite kubeba."

Baada ya hapo akanigeukia mimi. "Na wewe, Nakunda? Jumanne wewe huuzi tangawizi?"

Mzee Mgonja alikuwa amekosa kwa kutojua. Mimi nilijua. Nililia pale pale kwenye mfereji, na Navoneiwa akanipa ncha ya kanga yake nijifute, kisha akanipa kikapu nimsaidie kubeba. Nilikibeba.

Jumapili Mzee Mgonja aliomba nafasi ya matangazo. Alisimama mbele na karatasi yake, na safari hii hakuisoma. "Nimekosa," alisema. "Niliwapangia kama mtu anayepanga mabehewa. Baada ya ibada meza itakuwa nje. Nitakuwa na karatasi, penseli na raba. Anayetaka kufuta aje afute."

Mwanzoni hakuna aliyesogea. Wale waliozoea kuamuliwa huona haya kuamua. Kisha mama yangu akajikokota mpaka mezani na miguu yake iliyovimba, akamwomba Mzee Mgonja amwonyeshe mlango uko wapi. Alipoonyeshwa, akauliza, "Na ngazi hizi ni ngapi?" Tano. "Nitazipandaje?" Mzee Mgonja akafuta ngazi tano, akachora njia ya mteremko. Ile ndiyo njia mnayoipita mpaka leo.

Basi watu wakamiminika. Jumanne ikafutwa, Ijumaa ikafutwa, zikaandikwa Jumatano na Jumamosi asubuhi. Mto ukafutwa. Mwanamke mmoja akauliza kwa nini mawe yameandikwa akina mama peke yao, kwani wanaume watasali wapi? Watu wakacheka sana, na wanaume wakaandikwa. Adhuhuri ilipopita, ile karatasi nzuri ilikuwa imechafuka, ina madoa ya raba na alama za vidole, na pembeni mtu alikuwa amedondoshea chai. Mzee Mgonja aliikunja kwa uangalifu zaidi kuliko alivyoikunja ilipokuwa safi.

Jumatano nilihesabu watu mpaka nikaacha kuhesabu. Tulijipanga mstari mmoja kutoka shambani kwa Navoneiwa mpaka kwenye mtaro, jiwe likashuka mkono kwa mkono, wanaume kwa wanawake, na wimbo ukaanzia juu ukashuka pamoja na mawe. Mzee Mgonja alisimama katikati ya mstari kama wengine, daftari ameliacha nyumbani. Fundi alipaza sauti akiomba tupunguze mwendo. Mvua ya kwanza ya vuli ilipopiga, msingi ulikuwa umeshatoka juu ya ardhi.

Msidhani yote yalikuwa asali. Mzee Kajiru alijiuzulu barazani, akisema kanisa limegeuzwa gulio, na ilipita miaka miwili kabla hajarudi kukaa nasi. Na Krismasi ilitukuta kuta zimesimama lakini hazina paa. Mkuu wa jimbo alikuja, akatukuta chini ya maturubai, tumejaa mpaka nje, mama yangu benchi la mbele. Alipita akigusa kuta kwa kiganja, kona hadi kona. Kisha akapanda kuhubiri, na habari ya kufunga kanisa hakuitaja tena.

Mwaka uliofuata tulichagua baraza jipya. Wanawake wakawa wanne, Navoneiwa akiwa mmoja wao, na tukaweka utaratibu ambao uko mpaka leo: hakuna mpango unaopitishwa kabla haujapelekwa kwa watakaoufanya, na majibu yao yanaandikwa. Nami niliyaandika miaka kumi na saba.

Lakini neno la Navoneiwa lilipata kuwa methali siku nyingine. Tulikuwa kikaoni, tukizungumza juu ya kuleta maji kanisani. Navoneiwa alisimama akaeleza mpango wake vizuri sana: mfereji utatoka wapi, utapita wapi, na vijana watauchimba katika likizo ya Juni. Wote tukaafiki. Mchungaji akauliza kama kuna neno.

Mzee Mgonja akainua mkono. Alikuwa amezeeka, sikio moja halisikii.

"Nani watachimba?" aliuliza.

"Vijana, baba," akajibu Navoneiwa.

"Wamekuja hapa? Umezungumza nao?"

Navoneiwa akashika mdomo kwa mikono miwili, akaanza kucheka mpaka mabega yakatikisika, na baraza zima likacheka naye. Mchungaji, ambaye hakuwa amesikia habari ya siku ile ya kuosha tangawizi, akauliza tunacheka nini.

"Mwambie, mwanangu," alisema Mzee Mgonja. "Ni neno lako."

Navoneiwa akajifuta machozi ya kicheko. "Usiyemwita kupanga, Mchungaji," alisema, "usimwite kubeba."

Nikaandika katika kitabu: kikao kimeahirishwa, vijana waitwe.