Kigong'ota na Ukuta wa Bi Hondohondo

Paukwa!

Pakawa!

Ah-ah, hiyo pakawa ya wenye njaa. Tena: paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa tunasikilizana.

Hapo zamani za kale, ndege wote walipokuwa na lugha moja, palikuwa na Kigong'ota. Fundi huyo! Kazi yake kutoboa miti na kuwachongea wenzake nyumba. Ko-ko-ko, mlango. Ko-ko-ko, chumba. Msitu mzima ulimjua, na yeye alijijua zaidi.

Siku moja moto ukaja, ukala msitu. Ukabaki mvule mmoja, nao umeungua shina. Upepo ukivuma mti unalia, kwii, kwii. Mkewe akasema, "Mume wangu, mti huu hautafika masika. Nami niko karibu kutaga. Nitataga wapi, chini kwa nyoka?"

"Tutahama," akajibu. "Tutakwenda nchi ya Hondohondo, ng'ambo ya milima. Miti huko tele, na ile midomo yao mikubwa haijui kuchonga. Kazi nitaikosaje?"

Mbayuwayu, shoga wa mkewe, alikuwa akipita nchi hiyo kila mwaka. Akaja, akatua. "Shemeji, kazi ipo. Lakini kaa kitako kwanza, nikueleze wale watu wanaishije."

"Baadaye, shemeji. Nanoa mdomo."

Kwaru, kwaru, kwaru, juu ya jiwe.

Kesho yake Mbayuwayu akarudi. "Shemeji, njoo tuzungumze."

"Huoni nanoa mdomo?"

Kwaru, kwaru, kwaru.

Aliyekaa kitako ni mke. Akauliza, akauliza tena. Wanaamkianaje? Kazi huombwa kwa nani? Akaenda kumwambia mumewe, "Kuna jambo la milango yao, bora ulisikie."

"Mke wangu, mti ni mti, tundu ni tundu. Leo wewe unifundishe tundu mimi?"

Mke akarudi kwa Mbayuwayu. Akauliza mengine.

Kulipokucha, Kigong'ota huyoo, purrr! Akavuka milima, akafika. Lo, miti! Mikubwa, minene, imejaa matunda. Moyo wake ukacheka. Akatazama huku, akatazama huku, akaona tundu limezibwa kwa udongo, limekauka kama ukuta wa nyumba. Pamebaki ufa mwembamba, na katika ufa umechungulia mdomo.

"Masikini!" akasema Kigong'ota. "Mwanamke wa watu kafungiwa! Hapa ndipo kazi yangu itakapojulikana."

Hakubisha hodi. Hakuuliza. Ko-ko-ko! Ko-ko-ko!

Ndani mwanamke akapiga kelele, "Acha! Acha, nakwambia!" Lakini fundi akiwa kazini husikia mdomo wake tu. Ko-ko-ko-ko! Udongo ukaporomoka, poroo! Yai likateleza, likaanguka chini, pwaa!

Ndani mle alikuwamo Bi Hondohondo, manyoya ya mabawa yamempukutika, mayai yaliyobaki kayakumbatia.

Mara mumewe akatokea, tini mdomoni. Tini ikamdondoka. "Nani kauvunja ukuta wa mke wangu?"

"Mimi, bwana!" Kigong'ota akavimba kifua. "Nimemkomboa. Sitaki malipo, nipe kazi tu."

"Umemkomboa kutoka kwa nani? Ukuta huu kaukandika mwenyewe! Sisi mke akitaga hujifungia, manyoya yakampukutika, nami namlisha kupitia ufa, mpaka watoto wakue. Nyoka hapiti, nyani hapiti. Umepita wewe!"

Kigong'ota akatazama chini, lilipovunjika yai. Haya ikamshika, mdomo ule uliotiwa makali akauficha kifuani. Akafukuzwa.

Njiani akakutana na mkewe anakuja. Mvule ulikuwa umeanguka. Akamsimulia yote, naye mke akalia. Kisha akafuta machozi, akasema, "Ngoja mimi nikajaribu."

Akafika kwa adabu kama alivyofunzwa na Mbayuwayu. Hakugusa mti. Akatua tawi la chini, akamwamkia mume kwanza, na guuni kashika donge la udongo wa kukandikia ukuta, zawadi ya mgeni. Bwana Hondohondo akalipokea.

"Dada, desturi zetu unazijua kuliko vijana wetu. Ungetangulia wewe, mti huu ningekupa mchana huohuo. Lakini wake zetu wakiona mdomo kama wako, hawalali. Chongeni kule pembeni. Mkimaliza kulea, hameni. Mkishaondoka ndipo tutaingia sisi."

Ndiyo maana hadi leo Kigong'ota huchonga tundu, akalea humo, akahama, akaenda kuchonga jingine, na Hondohondo huingia nyumba aliyoiacha. Hakuna anayemwita, hakuna anayemshukuru.

Jioni hiyo, kule pembeni, Kigong'ota akamuuliza mkewe, "Hayo aliyosema Mbayuwayu, yako mengine?"

"Yako mengi," mke akajibu. "Chonga, mume wangu. Yai linakuja."

Basi, jamani, ukitaka kwenda kutafuta kazi nchi ya watu, ufundi peke yake hautoshi. Uliza kwanza wenyewe wanaishije. Ukienda ukaharibu, unawaharibia na wanaokufuata nyuma.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye swali aulize sasa, kabla sijainuka.