Nguchiro na Mtihani wa Ukunga

Hapo zamani za kale, enzi ambazo Fisi alivaa kanzu na kutaka aitwe bwana, palikuwa na bonde ambalo mkunga wake alikuwa Bi Kobe. Magoti yakamgomea, akaacha kazi. Basi ikabidi apatikane mwingine. Sheria ya bonde ilisema asiye na leseni haingii kwa mama anayejifungua. Na leseni ilikuwa moja tu, kwa atakayeshinda mtihani.

Walioomba walikuwa wawili. Wa kwanza ni Nguchiro, mdogo wa umbo, mwepesi wa mikono. Wa pili ni Fisi. Ndiyo, Fisi alitaka kuzalisha watoto wa wenzake. Wewe wa nyuma unacheka, lakini mdogo wake Nguchiro hakucheka, maana tumbo lake lilikuwa limeshashuka.

"Dada, yule akipata leseni nitajifungia ndani nizae peke yangu," alisema.

"Hutajifungia," akajibu Nguchiro. "Nitafaulu."

Kila asubuhi alikwenda kwa Bi Kobe. Bibi alimfundisha ukunga, kisha akamfundisha na mtihani, maana hivyo ni vitu viwili.

"Kila swali lina majibu manne, na la kweli ni moja; unatia kete katika shimo lake," alisema Bi Kobe. "Sikiliza swali mpaka mwisho. Pata jibu lako kichwani kabla hujasikia yale manne. Likisema 'kila mara' au 'kamwe', litilie shaka. Usipojua, toa kwanza ya kipuuzi, halafu bahatisha katika yaliyobaki. Ila usiache tupu."

"Na likinishinda kabisa, bibi?"

"Liruke, mjukuu wangu, utalirudia. Swali halina miguu."

Siku moja kabla ya mtihani, Fisi alimzibia Nguchiro njia.

"We Nguchiro. Kesho nakaa nyuma yako. Utakapotia kete, nami natia papo hapo. Ukinificha, shingo yako naijua. Na tukilingana, leseni huenda kwa mkubwa. Ndiyo sheria."

"Haya, bwana mkubwa," akasema Nguchiro. " Wewe fuata tu mkono wangu."

Kesho yake bonde zima lilikuja. Msimamizi alikuwa Mzee Kiboko. Mbele ya kila mmoja yalichimbwa mashimo, mistari kumi, kila mstari mashimo manne. Swali likisomwa, unatia kete katika shimo la jibu lako.

"Mpaka ngoma ilie, ruksa kuhamisha kete," alisema Kiboko. "Lakini ukishainuka, huketi tena."

Akasoma swali la kwanza. "Mtoto amezaliwa, hajalia. Utafanya nini? La kwanza, mwite baba yake. La pili, mpanguse pua na mdomo, umkaushe. La tatu, mpeleke kichakani, mbali na mama. La nne, subiri jua lizame."

Nguchiro alilijua jibu kabla hata Kiboko hajaanza kuyataja manne. Lakini kete yake ilikwenda shimo la tatu. Tap.

Nyuma yake Fisi akalamba midomo. Tap.

Likaja la mapacha. Jibu la nne lilisema pacha wa pili ni wa mkunga. Nguchiro, tap. Fisi, tap, huku akiwaza kwamba aliyetunga mtihani huu ana busara sana.

Ikawa hivyo mpaka la kumi. Fisi akainuka, akakung'uta kanzu. "Nimemaliza," alisema, akaenda kujisifu kwa watu.

Nguchiro alimtazama mpaka akafika mbali. Kisha akaanza. Chaka, chaka, chaka, kete zikahama. La saba likamshinda, akaliruka, akamaliza mengine, akalirudia. Jibu moja lilisema "kamwe", akalitoa. Jingine lilikuwa upuuzi mtupu, akalitoa. Yakabaki mawili. Akachagua moja.

Ndu, ndu, ndu. Ngoma ikalia.

Kiboko alianza na mashimo ya Fisi, akasoma kwa sauti. "Mtoto asiyelia, apelekwe kichakani. Pacha wa pili, wa mkunga."

Kina mama wakatazamana. Swala akamvuta mwanawe karibu.

"Hayo si yangu," Fisi alipayuka. "Ni ya Nguchiro. Nimenakili kwake yote kumi."

"Umenakili?" akauliza Kiboko. Akajikokota mpaka kwenye mashimo ya Nguchiro, akayakagua. "Hapa hakuna hata moja linalofanana na lako. Tisa ni sahihi. La saba umekosa, mwanangu. Kamuulize Bi Kobe."

"Nitamuuliza leo hii, mzee," akasema Nguchiro, machozi ya furaha yakimtoka. Fisi alitimuliwa pamoja na kanzu yake.

Siku ya tatu mdogo wake akashikwa na uchungu. Nguchiro alikuta mlango wazi, akaingia na leseni yake shingoni. Mtoto akatoka, kimya. Mama yake akaogopa mno. Nguchiro akampangusa pua na mdomo, akamkausha.

"Nyaa," mtoto akalia.

Na mimi nanyamaza hapo alipoanzia yeye. Shikeni hili moja: anayenakili jibu la mwenzake hunakili na kosa lake.