Viungo vya Bi Mwanakheri

Viungo havizeeki siku moja. Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo leo asubuhi, mkadhani anazungumzia hiliki na bizari za dukani. Msione haya. Hata mwenye methali alianza kwa kudhani hivyo hivyo, na kosa lake likamwaibisha mbele ya mji mzima. Methali hii ilianza hivi.

Pangani paliwahi kuwa na mpishi wa karamu aliyeitwa Bi Mwanakheri. Alikuwa ameshavuka miaka sitini na mitano, lakini mwili wake ulimtii. Alitunga uzi kwenye sindano bila kukodoa macho, na sufuria la wali wa watu mia alilipakua bila kuhema. Watu walimwambia kwamba yeye hazeeki, naye akayaamini maneno yao, maana nani hupenda kubishana na sifa?

Jikoni kwake palikuwa na amri moja: hakuna aonjaye chakula ila yeye. Mke wa mwanawe, Siwatu, ndiye aliyemchagulia viungo na kumtwangia, lakini hata yeye hakuruhusiwa kulamba mwiko.

Basi mwaka mmoja chakula kikaanza kuwa chapwa mdomoni mwa Bi Mwanakheri. Alibadili duka mara mbili, hali ikawa ile ile. Mwishowe akamgeukia Siwatu.

"Viungo vyako vimezeeka," alimwambia.

"Mama, nimevinunua juzi."

"Basi macho yako ndiyo hayajui kuchagua."

Siwatu akarudi kwenye kinu, kwa kuwa mkwe hajibizwi.

Ikafika harusi ya binti wa Mzee Kombo. Pilau lilipokaribia kuiva, Bi Mwanakheri alionja, asikute ladha. Akatia gao la chumvi. Akaonja tena, akatia la pili. Siwatu alipouona mkono ukirudi kwenye chumvi mara ya tatu, alishindwa kuvumilia.

"Mama, niruhusu nionje kidogo."

"Leo unataka kunifundisha kupika kwenye shughuli ya watu?"

Masinia yakatoka, na baada ya muda mfupi yakarudi yamejaa. Wageni walikuwa wametia tonge moja moja mdomoni, kisha wakaomba maji. Mzee Kombo alituma mtu kuuliza amekosa nini hata alipwe fedheha siku ya kumwoza mwanawe. Bi Mwanakheri alihisi uso unamwaka. Akatafuta wa kumtwisha aibu ile, na aliyekuwa karibu ni Siwatu.

"Mnamwona huyu?" aliwaambia wanawake waliojaa uani. "Viungo vizuri anawapelekea kwao, mimi ananitwangia vumbi."

Hilo halikuwa neno dogo, jamani. Ni kumwita mke wa mwanao mwizi mbele za watu. Siwatu alinawa mikono, akachukua baibui lake, akaenda zake kwao, mtaa wa pili.

Hapo nyanya wa bibi harusi, Bi Kiboga, alileta sahani ya pilau, akamwekea Bi Mwanakheri miguuni.

"Kula wewe mwenyewe."

Bi Mwanakheri akala tonge mbili. "Ni chapwa," alisema. "Hata chumvi haijakolea."

Uani watu wakatazamana. Wanawake wale walikuwa wamelionja, na midomo ilikuwa bado inawawasha. Bi Kiboga alichukua punje za hiliki kutoka kikapu cha Siwatu, akazipasua. Harufu ikawafikia hata waliosimama mlangoni. Akamsogezea puani.

"Unasikia harufu gani?"

Bi Mwanakheri alivuta pumzi mara ya kwanza, mara ya pili. "Sisikii kitu," alisema.

"Mwanakheri, viungo vimezeeka kweli," Bi Kiboga alisema kwa upole. "Ila si hivi vya kikapuni."

Bi Mwanakheri alitamani ardhi ipasuke immeze. Pilau halikumuumiza sana, pilau huharibika. Kilichomuumiza ni kukumbuka mwaka mzima wa lawama, na Siwatu akitwanga bila kumjibu. Alijitanda kanga hadi usoni, akatoka kuelekea kwao Siwatu. Njia nzima hakumwamkia mtu.

Baba yake Siwatu, Mzee Shebwana, alimkuta amesimama barazani.

"Umekuja kutafuta ulivyoibiwa?" alimuuliza.

"Sikuibiwa kitu, Mzee Shebwana." Alivua viatu, ingawa hakuwa amekaribishwa. "Nimekuja kusema hapa nje, majirani wasikie kama walivyosikia kule. Mwanao hakuniibia. Nilidhani mtu akizeeka huzeeka mwili wote, nami nikaitazama mikono yangu, nikaitazama miguu yangu, nikajiona mzima. Viungo havizeeki siku moja. Ulimi wangu umekufa kwa kuonja, nisijue. Lakini kwa kuumiza watu ungali kijana."

Siwatu alimsikia kutoka ndani. Alisamehe baadaye, na akaja kuwa mwonjaji wa jiko lile, lakini siku ile hakutoka, na hakuna aliyemlaumu. Bi Mwanakheri alikaa kwenye baraza hadi adhana ya alasiri, majirani wakipita na kumtazama, hakuufunika uso tena.

Ndiyo maana mtu mzima akiona kila kitu kimeharibika isipokuwa yeye mwenyewe, watu wa Pangani humwambia taratibu: viungo havizeeki siku moja.